Siku Baba Mkwe Alipogawa Picha Zake

Mwanangu, katika ujana wangu wa hapa London kuna Jumapili moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu machozi yananilenga, halafu nacheka tena. Ndiyo Jumapili ambayo jamaa zetu walipanda ngazi za flati yetu ya Kilburn wamebeba masufuria ya pilau na juzuu za Yasin, wamejiandaa kwa msiba wa baba mkwe wangu, na baba mkwe wangu akawafungulia mlango mwenyewe. Sogea hapa karibu na hita nikusimulie. Simu iweke chini, haitakimbia.

Nakusimulia kwa sababu nawaona nyinyi vijana mnavyohangaika. Babu anahamia nyumba ndogo, au mama amestaafu, na nyumba imejaa vitu alivyokusanya maisha yake yote. Mmoja wenu anasema vitupwe, mwingine anasema viuzwe kwenye mtandao, wa tatu ananyamaza na kulia chooni. Wala hakuna anayemuuliza mwenye vitu. Sisi nasi tulikuwa hivyo hivyo, usidhani tulikuwa bora.

Wakati ule nilikuwa sina muda mrefu tangu nitoke Unguja. Niliolewa na Hamad, dereva wa basi, tukawa tunaishi pamoja na wazazi wake ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Baba yake aliitwa Mzee Seif. Alikuwa mwembamba, mpole, mstaafu wa ukarani, na kofia yake ya viua haikumtoka kichwani hata akiwa anakunywa chai jikoni. Mama yake, Bi Salma, alikuwa mwanamke wa Pemba, mdomo mkali na moyo laini, lakini mpaka uufikie huo moyo ulikuwa umeshachapwa na mdomo vya kutosha. Alinifunza kupika, alinifunza kupanda basi, na alinifunza kunyamaza, ingawa hilo la mwisho halikunishika.

Katika nyumba ile tuliishi watu wanne na wachezaji mpira wasio na idadi. Nasema kweli. Walikuwa kwenye makopo ya biskuti chini ya vitanda, kwenye albamu juu ya kabati, kwenye maboksi ya viatu nyuma ya kochi. Zilikuwa picha ndogo za kadi, kila moja upana wake kama vidole viwili, ambazo zamani zilikuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara ili watu wazidi kununua. Mbele amechorwa mchezaji wa Kiingereza, nywele zimelazwa kwa mafuta, kaptura imefika magotini. Nyuma kuna maneno machache ya kumweleza ni nani na anacheza wapi. Wachezaji wenyewe walikuwa wameshakufa zamani, lakini Mzee Seif aliwajua kama unavyowajua watu wa mtaa wako.

Alizianza udogoni, Mjini Unguja. Baba yake alikuwa tarishi kwenye ofisi ya Waingereza, na jioni alirudi na pakiti tupu walizozitupa wakubwa wake. Watoto wa mtaa walizigombania zile picha, wakazirusha ukutani kushindana, na Seif alikuwa fundi wa kurusha. Alikuwa na kopo zima. Baadaye yakatokea yaliyotokea, watu wakatawanyika, naye akaondoka na mke wake na mtoto mchanga bila kopo. Baridi yao ya kwanza hapa London, alikuwa akipita kwenye soko la vitu vikuukuu la Jumapili, akamwona juu ya meza mchezaji mmoja mwenye masharubu ambaye alikuwa naye utotoni. Yule yule. Alisimama pale mpaka muuzaji akamuuliza kama anaumwa. Hamad aliponisimulia habari hii ndipo nilipoacha kuziona picha zile kuwa ni upuuzi wa mzee asiye na kazi. Mtu aliyepoteza nyumba, mtaa na marafiki alikuwa amepata kitu kimoja ambacho kingeweza kurudi, na kikarudi kimoja kimoja, Jumapili baada ya Jumapili.

Bi Salma hakuwa na subira nazo. Kila Alhamisi alipangusa vumbi kwenye yale makopo akinung'unika kwa sauti ya kusikiwa. "Watu wengine waume zao wanakusanya dhahabu," alikuwa akisema. "Mimi wangu anakusanya wazungu waliokufa." Mzee Seif anatabasamu tu, anageuza ukurasa wa albamu.

Basi magoti yakamshinda. Akawa anapumzika kila kituo cha ngazi, ameshika ukuta, na kifua kinapiga filimbi. Daktari akasema ngazi basi. Hamad akahangaika na watu wa kaunsili, wale wanaogawa nyumba za serikali ya mtaa, mpaka wakapata flati ya chini huko Croydon, chumba kimoja, sebule, na jiko ambalo mkifika wawili lazima mmoja atoke kinyumenyume. Tukaenda kuitazama. Hamad alipima kuta kwa futi, akamtazama baba yake, akaikunja ile futi akaitia mfukoni. Mzee akasema mwenyewe, "Makopo hayataingia." Tulirudi na treni kila mtu anatazama dirisha lake.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu cha kwanza kwake. Mimi nilidhani atakaa aangalie ipi ina bei na ipi haina. Hakufanya hivyo. Alikaa mkekani kila asubuhi, anatoa picha moja moja, anaishika, anafumba macho. Akikumbuka aliipata wapi na siku ile kulikuwa na nini, anaiweka kulia. Asipokumbuka, kushoto. Kushoto kulijaa haraka, hasa zile albamu alizonunua zikiwa zimeshajaa tayari. "Hizi sikuzitafuta," aliniambia. "Nilikuwa na tamaa tu." Akaja Mwingereza mmoja mnunuzi wa vitu vya kale, akazichukua, wakaagana vizuri, na mzee hakuonyesha kusikitika hata kidogo. Nikastaajabu, maana nilikuwa nimeshatayarisha chai ya kumpoza.

Tabu ilikuwa kulia. Zile za kulia hakutaka kuziuza, na Croydon hazikuwa na pa kukaa isipokuwa kopo moja. Akasema, "Nitazigawa. Nitawaita jamaa, kila mtu nitampa yake kwa mkono wangu."

Bi Salma alikuwa anachambua mchele. Sinia ikamponyoka.

Inafaa nikueleze, mwanangu, kwa kuwa nyinyi mliozaliwa hapa huenda hamkuyaona. Kwetu, mtu akifariki, watu hungoja hitima ipite, kisha ndugu hukaa pamoja na vitu vyake hutolewa. Huyu anapewa kanzu, yule anapewa kofia, mwingine bakora. Kitu cha marehemu unakipokea kwa mikono miwili na unakitumia mpaka kiishe. Ndivyo tulivyozoea vitu vya mtu viondoke. Sasa mtu akikaa sebuleni mzima wa afya akaanza kugawa vyake mwenyewe, sisi hatuoni kwamba anapunguza mizigo. Tunaona anaaga.

"Hutagawa kitu humu ndani," Bi Salma alisema. "Kama kuna mtu atagawa, watagawa wanao, na siku hiyo mimi nisiwepo."

"Mama Hamad, ni picha tu."

"Kama ni picha tu, zitie kwenye pipa la taka. Nimekuambia hivyo tangu mwanangu ananyonya."

"Sasa unataka nizitupe au nisizitupe?"

"Usinichanganye!"

Kuanzia siku hiyo yule mama aliyezilaani zile picha maisha yake yote akawa mlinzi wake. Mzee akiteremsha kopo kutoka kabatini, yeye analirudisha. Mzee akitenga rundo la kugawa, yeye analichukua na kulificha nyuma ya gunia la mchele. Nilimkuta mara moja amekaa juu ya boksi la viatu, anasoma tasbihi, kama kuku anayeatamia. Hamad alikimbilia kwenye basi lake kila kukicha. Mimi ndiye niliyebaki katikati, huku naambiwa "Rukia, lete lile kopo," huku naambiwa "Rukia, ukiligusa nitakuona."

Nikamkabili Bi Salma jikoni, tunasukuma chapati. Nilikuwa kijana na ulimi wangu haukuwa na breki. Nikamwambia, "Mama, unamtesa. Mwache mzee wa watu afanye anavyotaka." Nilitegemea kuchapwa na ule mdomo wake. Alisukuma chapati ile mpaka ikawa nyembamba unaona ubao chini yake, na ndipo aliposema, bila kunitazama.

"Baba yangu alinipa mwavuli."

Nikaacha kusukuma chapati yangu.

"Nilikuwa msichana mdogo. Alituita sote watoto wake barazani. Kaka yangu akapewa saa. Dada akapewa mkufu wa marehemu mama. Mimi nikapewa mwavuli wake mweusi wenye mkono wa mbao, maana nilikuwa naupenda. Nikafurahi, Rukia. Nilizunguka nao uani umefunguka, jua linawaka, watu wananicheka. Haikunyesha hata mvua moja kabla hajafa." Akaikunja ile chapati akaanza upya. "Yeye alijua. Sote tukapokea, tukasema ahsante, tukaenda kucheza. Mimi naogopa, mwanangu. Akinipa tu, na mimi nikapokea, basi nimemruhusu aende."

Nilimshika mkono uliojaa unga. Aliniachia kidogo tu, kisha akanikaripia kwamba chuma kimepata moto na mimi nimesimama.

Siku zilezile Mzee Seif aliniita sebuleni. Bi Salma alikuwa ametoka kwenda dukani. Akanipa picha ya mchezaji mmoja mwembamba, winga wa kushoto, miguu kama ya korongo. "Hii yako," akasema. "Siku uliyofika uwanja wa ndege, mimi nilichelewa kukupokea. Mliambiwa basi langu limekwama. Basi halikukwama. Nilikuwa sokoni nabishana na muuzaji juu ya huyu."

Nilicheka, mwanangu, halafu ghafla nikaona yale magoti yake, na ile kofia, na sebule iliyojaa maboksi, na nikakumbuka mwavuli. Machozi yakanitoka mengi. Nikajifunika ushungi.

Ndipo mzee yule mpole aliponigombeza, mara moja tu katika maisha yake. "Unalia nini? Mimi niko hapa, nakutazama. Kama unataka kunililia, nirudishie picha yangu, ningoje nife, halafu aje mtu akupe asiyejua hata niliipata wapi. Atakwambia, haya, chukua, ilikuwa ya mzee. Basi. Hiyo ndiyo unayoitaka?"

Nikasema hapana.

"Basi futa uso uniulize alikuwa anachezea upande gani."

Nikafuta uso nikamuuliza. Akaniambia, na akaniambia na mengine, mpaka chai ikapoa. Wallahi sijapata kufurahi vile na kitu kidogo vile. Mwisho nikathubutu kumwambia kwamba Mama ana hofu, na hofu yake ina sababu. Akaitikia kwa kichwa polepole. "Habari za mwavuli nazijua kabla hujazaliwa. Kwa hiyo yeye sitampa. Nitangoja."

"Utangoja nini, Baba?"

"Aombe."

Nikajisemea moyoni, huyu mzee atangoja mpaka kiama.

Akanipa kazi ya kuwapigia simu jamaa. Maneno alinifundisha mwenyewe: "Mwambie kila mtu, Mzee anakuita Jumapili, uje uchukue chako." Nikapiga simu moja baada ya moja, sauti ya chini, maana Bi Salma alikuwa chumbani. Mpaka leo watu wananilaumu mimi. Lakini nakuuliza wewe mwenye akili zako, mtu mzima ameacha kutoka nje, magoti hayawezi, kifua kibovu, halafu mkwewe anakupigia kwa kunong'ona kwamba mzee anakuita uje uchukue chako. Wewe ungeelewa nini? Jioni ile simu zilianza kuingia kutoka Maskat na Dubai. Mimi nilijibu "hajambo", wakadhani nawaficha.

Jumapili ikafika. Kwanza nilisikia ngazi, vishindo vya watu wengi wanaopanda polepole, na harufu ya pilau ikitangulia. Kengele ikalia. Mzee Seif akasema niache, atafungua mwenyewe. Alivaa kanzu yake ya Idi. Nje walisimama mashangazi wenye mabuibui, macho mekundu, na nyuma yao binamu wawili wameshika sufuria huku na huku, na mzee mmoja jirani kutoka msikitini ameshika chetezo cha ubani. Wakamtazama. Yeye akawatazama. Ubani ukafuka.

"Karibuni," akasema. "Mbona mmechelewa?"

Shangazi mmoja akakaa palepale kwenye ngazi. Nassor, mtoto wa ndugu yake Mzee Seif, aliyezaliwa hapa hapa na Kiswahili chake ni cha kuokoteza, akapenya katikati ya watu. "Ami, are you OK? Wameniambia uko serious."

"Nani kakuambia?"

"Everybody!"

"Basi mwambie huyo everybody aingie ndani, mlango unaingiza baridi."

Yale masufuria yaliingia. Ungetaka yaende wapi? Pilau la msiba liliwekwa katikati ya sebule, watu wakakaa kuzunguka maboksi, na kwa muda hakuna aliyejua aseme pole au hongera. Mzee Seif akachukua rundo lake, akaanza. Alimwita Nassor kwanza. "Siku uliyozaliwa walinipa chupa ya uji niipeleke hospitali kwa mama yako. Uji ulifika umepoa, na lawama akabebeshwa aliyepika. Sababu ilikuwa huyu hapa." Akampa golikipa mmoja kifua mbele. Nassor akaitazama ile picha, akamtazama ami yake. "You stopped for this? Mimi nazaliwa?" Watu wakacheka mpaka yule shangazi wa kwenye ngazi akapaliwa.

Hapo sebule ikabadilika. Kila picha ilikuwa na siku yake, na kila siku ilikuwa na mtu. Kumbe mzee yule hakupata kuwahi popote katika maisha yake! Harusi ya shangazi fulani, aliingia dua imekwisha kwa sababu ya beki mmoja. Safari ya kumpokea mgeni, alishuka kituo si chake kwa sababu aliona soko kwenye dirisha la treni. Watu wakaanza kudai. "Na mimi, ile siku ya hitima ya baba, ulikuwa wapi?" Anatafuta kwenye rundo, anaitoa, "Nilikuwa na huyu." Kila aliyepokea alikuwa anapokea siku yake mwenyewe, na Mzee Seif yuko mbele yake anamthibitishia. Lile pilau lililopikwa kwa machozi likaliwa kwa vicheko, na yule mzee wa msikitini akaomba aongezwe.

Lakini mimi jicho langu lilikuwa mlango wa jikoni. Bi Salma hakutoka. Tulisikia vyombo vinaoshwa, vinagongana, vinaoshwa tena, vyombo ambavyo vilikuwa safi tangu asubuhi. Mzee Seif alikuwa akicheka na watu, na kila akicheka macho yake yanakwenda kule kule yangu yalikokwenda. Rundo likapungua. Nikaanza kuingiwa na hofu kwamba litaisha, watu wataondoka, na wale wawili watahamia Croydon na jambo lile limekaa katikati yao kama mtu wa tatu.

Vyombo vikanyamaza. Bi Salma akatokea, anafuta mikono kwenye leso. Akasimama mbele ya mume wake, katikati ya watu wote wale, kidevu juu.

"Na mimi?"

Mzee Seif akaliweka chini rundo lake.

"Wewe unataka?" Mzee Seif akauliza.

"Nimeishi na makopo haya tangu ujana wangu. Kila Alhamisi nayapangusa mimi. Leo Nassor apewe, mimi nikose?"

Akamsogezea kopo lililobaki, lile la kwenda Croydon, akalifungua. "Chagua."

Nilidhani atachukua ya juu ili yaishe. Hapana. Bi Salma alipiga magoti akatia mkono ndani ya kopo moja kwa moja, bila kupekua, kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake. Akatoa picha ya mchezaji mmoja mnene, mwenye upara, uso wa huruma. "Huyu," akasema. "Huyu namjua. Nikipangusa huwa namweleza mambo yako yote."

Mzee Seif akamtazama mke wake. Miaka yote ile alidhani picha ni zake peke yake.

Bi Salma akaishika kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kwetu, akaiweka kifuani. "Nimepokea, Baba Hamad," akasema. "Umenipa na nimepokea. Sasa usife."

"Nitajitahidi," mzee akasema.

Wakalia wote wawili, na safari hii hakumgombeza mtu.

Aliishi, mwanangu. Aliishi Croydon miaka na miaka, akawa anatoka mwenyewe mpaka kwenye tramu. Siku moja Bi Salma alinipigia simu kazini, nikatoka mbio kwenye korido nikidhani ni baya. "Amenunua!" ananipigia kelele. "Nimefua koti lake, nimekuta picha mfukoni. Rukia, mzee amenunua tena!" Alifurahi kama mtu aliyeambiwa binti yake ana mimba. Na alipofariki, akiwa ameshiba umri, tulimlilia kwa haki yake. Tulipokaa baada ya hitima kugawana kanzu zake, hapakuwa na maboksi ya kugombana juu yake, wala hapakuwa na mtu aliyeshika kitu asichojua kimetoka wapi.

Sasa nisikilize. Mzazi wako akitaka kupunguza vitu vyake, usimkimbilie na mifuko ya taka, wala usimzuie kwa sababu wewe unaogopa. Kaa naye chini. Acha avishike kimoja kimoja. Kile asichokikumbuka kitaondoka bila kumuumiza, kiuzwe, kitupwe, ni sawa. Kile anachokikumbuka ndicho unachopaswa kukisikiliza, na huko kusikiliza hakuchukui nafasi yoyote kabatini. Akikupa, pokea kwa mikono miwili na umuulize. Usimlilie angali anazungumza nawe, maana utamfanya aone haya kukupa, na atanyamaza, na utakuja kupewa na mtu asiyejua lolote. Na kama hofu imekushika kama ilivyomshika mama mkwe wangu, sema, mwanangu. Mwambie naogopa. Yeye aliyenyamaza na kuficha makopo nyuma ya gunia la mchele alikaribia kuikosa furaha kubwa kuliko zote alizopata katika mji huu.

Na siku itakapokuwa zamu yako kugawa, usingoje magoti yashindwe. Toa ungali unaweza kuona uso wa unayempa.

Mwenyezi Mungu akupe umri wa kukusanya na moyo wa kuachia. Akupe mtu wa kukuuliza ulikipata wapi, na akupe sauti ya kumjibu mpaka mwisho. Na yule unayemwogopea usiku na mchana, Mungu akuachie yeye, muendelee kuchelewa pamoja.